Mwerebi wa Thackwray

Wageni huja Jumapili, saa nne,
na viatu visivyojua tope.
Nawapokea langoni, pale
duka la samaki na viazi linapopakana na pori.
Shukeni taratibu, nasema, ngazi zina ukoga.

Hapa ndipo alipocheza
Edmund Thackwray, kabla hajawa jina.
Kile ni kinu cha babu yake; nyembe na visu
vilinolewa kwa nguvu ya kijito.
Gurudumu halijazunguka tangu vita vya kwanza,
popo wamepanga humo, hawalipi kodi.
Na huu ndio mwerebi. Chini yake
alijifunza kusoma, ana miaka mitano,
kwenye gazeti lililofungiwa mkate.
Bamba la shaba linasema hivyo.
Wanapiga picha. Nyuma ya ukuta
basi linaguna likipanda kilima.

Bamba halisemi habari za mama yangu.

Doreen Staniforth, mpishi wa shule,
mikono myekundu kama figili,
aliingia ukumbi wa halmashauri mwaka wa sabini na tisa
na koti la kuazima.
Mezani kulikuwa na ramani: nyumba arobaini na mbili,
bwawa limepakwa kijivu, limeandikwa MAEGESHO.
Wataalamu wakanena. Mwenyekiti akatazama saa.
Mama akasimama. Vyura, alisema. Kuna vyura.
Wakacheka, si kwa ubaya,
kama unavyomchekea mtoto aliyeleta konokono mezani.
Ndipo akameza mate:
"Na Thackwray je? Alijifunza kusoma pale, chini ya mwerebi.
Bibi yangu alimwona kwa macho yake."

Kimya kikaingia kama mkaguzi.

Hakuwa amesoma kitabu chake hata kimoja.
Bibi yake alikulia mji mwingine, ng'ambo ya vilima,
na jina lenyewe mama alilisoma asubuhi ile
kwenye kibao cha mtaa, akisubiri basi.

Matingatinga yaliyokwisha kupangwa yakarudi.
Profesa mmoja akaandika
kwamba maji yote ya riwaya zile
ni maji ya bwawa hili.
Huenda. Maji hayana hatimiliki.

Aliniambia jikoni, mwaka aliokufa,
akimenya viazi, bila kuniangalia:
"Njia ya mwongo ni fupi, wanasema.
Yangu imefika bwawani, na bado sijaona mwisho."

Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii.
Nimeopoa baiskeli sita, toroli za supamaketi,
sefu moja, tupu.
Namjua korongo anayesimama mguu mmoja
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Kila Jumapili nasema uongo wa mama yangu
kwa sauti ya serikali.

Jumanne lilikuja darasa.
Mvulana wa nyuma, Sufyan, soksi zimelowa, akauliza:
"Nani alimwona akisoma?"
Bi Akroyd akamwambia, kuna bamba, Sufyan.
"Bamba halina macho."

Nilifungua kinywa.
Nikampa wavu.

Akachota viluwiluwi, vinane, tisa,
nikamkabidhi na ile kadi ya picha, iliyolainishwa na mvua.
Wenzake wakakimbilia kinu.
Yeye akachuchumaa penye mizizi,
kidole chini ya herufi, midomo ikifanya kazi ngumu:
mgu... mguu wa nyu... nyuma hu-to-ka
kwan... kwanza.
Akainua uso, hakuniona mimi,
akatazama ndani ya ndoo kuhakikisha.

Kuna daftari ninaloandika kila siku:
hali ya hewa, kina cha maji, ndege.
Nikaliandika nikiwa nimesimama, kalamu inakwaruza:
Jumanne, manyunyu, saa tano kasorobo.
Mtoto mmoja anasoma chini ya mwerebi.
Nimemwona kwa macho yangu.